Nani Atabeba Mzigo wa Dizeli?

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, yaani EWURA, hutangaza bei kikomo za mafuta. Hapa Buhembe tangazo hilo huingia kwenye simu asubuhi, na kabla ya saa sita mchana limekwisha kuwafikia hata wasio na simu. Dereva wa Fuso anayepakia ndizi kwenda Mwanza amelisoma. Mama anayeuza dagaa sokoni hajalisoma, lakini ameambiwa kwamba nauli ya magunia yake kutoka Kemondo imeongezeka. Mwenye duka hana gari wala jenereta, naye anapandisha sukari kwa shilingi mia moja. Ukimuuliza kwa nini, anakujibu kwa maneno mawili tu: “Mafuta yamepanda.”

Maneno hayo mawili humaliza kila mjadala. Muuzaji akiyatamka, mnunuzi hunyamaza, hulipa, na kwenda zake. Sisi Walutheri tangu kipaimara tumefundishwa kwamba mtu huhesabiwa haki kwa imani. Sokoni nimeona jambo jingine: tunahesabiwa haki kwa dizeli. Ukishasema mafuta yamepanda, umekwisha kuwa mwenye haki, na hakuna wa kukuuliza zaidi.

Katika insha hii nataka tuulizane zaidi. Mafuta yakipanda, mzigo ule ni wa nani? Na je, anayeupokea kutoka juu na kuutua kwa aliye chini yake ametenda haki, au ameupitisha tu?

Mzigo unavyoshuka

Kwanza tuwe wakweli kuhusu mahali mzigo unapotoka, maana kumlaumu mtu asiyehusika nako ni uongo.

Tanzania hainunui dizeli iliyotengenezwa hapa nchini. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha TIPER kule Kigamboni kiliacha kusafisha mafuta ghafi miaka mingi iliyopita, na leo tunaagiza mafuta yaliyokwisha kusafishwa, kwa mfumo wa kununua kwa pamoja kwa meli kubwa. Bei yake hupangwa na soko la dunia, hulipwa kwa dola, kisha huongezwa kodi na tozo mbalimbali, faida ya waagizaji na ya wenye vituo, na gharama ya kuyasafirisha kutoka bandarini. Kutoka Dar es Salaam hadi Bukoba ni safari ya kilomita 1,400 hivi. Ndiyo maana katika orodha ya EWURA lita ya dizeli huku kwetu huzidi ile ya Dar es Salaam kwa shilingi mia mbili na zaidi. Gari linaloleta mafuta nalo linakunywa mafuta njiani.

Mwaka 2022 tulijifunza jinsi mbali kunavyoweza kuwa karibu. Mwezi Februari Urusi iliivamia Ukraine. Mwezi Mei dizeli ilifika shilingi 3,258 kwa lita Dar es Salaam, na huku kwetu ikapita hapo. Mzee wa kijijini asiyejua Ukraine iko upande gani wa dunia alilipa sehemu yake ya vita ile kila alipopanda gari kwenda kliniki.

Basi mpaka kwenye pampu ya sheli, mzigo huu una hesabu. Mtu anaweza kutopenda hesabu hiyo, anaweza kudai kodi ipunguzwe, lakini hesabu ipo na imeandikwa. Mwenye sheli akizidisha bei kikomo hata kidogo, kuna sheria ya kumshika. Mwaka 2023, mafuta yalipoadimika, EWURA ilivifungia vituo kadhaa kwa kosa la kuficha mafuta vikisubiri bei mpya.

Lakini dizeli ikishatoka kwenye pampu na kuingia kwenye dumu, hakuna tena anayepiga hesabu. Hakuna mamlaka ya kupanga nauli ya mkungu wa ndizi, wala bei ya kusaga debe la muhogo. Pale sheria inapoishia ndipo dhamiri inapoanza kazi, na dhamiri ikiwa imelala hakuna kitu kingine kilicho macho. Najua, kwa sababu yangu ililala kwa muda mrefu.

Debe moja

Nina mashine ya kusaga katika kijiji kimoja huko Muleba. Ni mashine ya dizeli, na kijana mmoja ndiye anayeiendesha. Mimi naishi hapa Buhembe na kwenda huko kila baada ya wiki mbili kukagua daftari na kupeleka mafuta. Kwa mwendo wa mguu, mashine nyingine iliyo karibu iko zaidi ya saa moja.

Mwanzoni mwa mwaka 2022 nilikuwa nanunua dizeli kwa karibu shilingi 2,500 kwa lita, na kusaga debe moja ilikuwa shilingi 1,000. Mwezi Mei dizeli ilipopanda kwa karibu shilingi 1,000, nilichukua chaki na kuandika mlangoni: Debe 1,500. Mafuta yamepanda.

Siku ile alikuwepo bibi mmoja, mjane, aliyekuwa ameleta muhogo mkavu kwenye kikapu. Alisoma pole pole, akaniuliza, “Mwanangu, yakishuka utanishushia?”

Nikacheka. Sikumjibu. Nilidhani anatania, au nilijifanya kudhani hivyo.

Hesabu yenyewe ni nyepesi mno kwamba naona aibu kuiandika. Lita moja ya dizeli kwenye mashine yangu inasaga debe tatu. Lita ikiongezeka shilingi 1,000, debe linaongezeka gharama ya shilingi 330 hivi. Mimi niliongeza 500. Zile 170 hazikutoka Urusi wala Dodoma. Zilitoka kwangu, zikajificha nyuma ya zile 330 kama mtu anayevuka mpaka nyuma ya kundi la watu.

Mwezi Juni serikali ilianza kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kupunguza makali ya bei. Mlangoni kwangu chaki haikuguswa. Katikati ya mwaka 2023 dizeli ilishuka sana. Kwa hesabu ile ile, debe lilipaswa kurudi karibu na shilingi 1,100. Chaki haikuguswa. Oktoba mwaka huo huo, dola zilipokuwa haba, dizeli ikapanda tena hadi 3,448 kule Dar es Salaam, na nakumbuka vizuri nilivyojisikia niliposoma tangazo lile. Nilifarijika. Nilijiambia kwamba sasa bei yangu imekuwa halali tena.

Hebu fikirini jambo hilo, ndugu zangu. Mkristo anafarijika kwa taarifa ya mzigo kuongezeka kwa watu wote, kwa sababu mzigo huo unamfunika.

Lililoniamsha halikuwa mahubiri. Ilikuwa mnada. Mnajua jinsi ibada zetu za mavuno zinavyokwenda: asiye na fedha huleta alichonacho, mkungu, jogoo, mayai, kahawa, na baada ya ibada vitu hivyo hunadiwa kwa faida ya kazi ya Mungu. Nilikuwa nimealikwa kwenye mtaa ule wa Muleba. Bibi yule alileta unga wa muhogo, sadolini moja iliyofunikwa kwa kitambaa safi. Mnadishaji alipouinua nikapaza sauti: elfu ishirini! Watu wakapiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele, na mwinjilisti akaniombea baraka. Nikaenda mbele kuupokea, na nilipoushika ndipo nikatambua kwamba unga ule ulisagwa kwangu. Nilikuwa nimenunua sifa kanisani kwa fedha za bibi yule mwenyewe.

Mzigo na furushi

Mtume Paulo, katika sura ya 6 ya Wagalatia, anasema mambo mawili ambayo kwa juu juu yanagongana. Katika mstari wa 2 anatuagiza tuchukuliane mizigo, na kwamba kufanya hivyo ndiko kuitimiza sheria ya Kristo. Hajapita mbali, katika mstari wa 5, anasema kila mtu atauchukua wa kwake mwenyewe. Wafafanuzi wameeleza kwamba katika Kiyunani Paulo ametumia maneno mawili tofauti: la kwanza ni uzito unaomlemea mtu, la pili ni furushi la kawaida la msafiri, lile ambalo kila mtu hubeba njiani.

Naona maneno hayo mawili yanatosha kutupangia suala la dizeli. Gharama ya mafuta ninayoyatumia ni furushi langu, na hakuna dhambi kumwomba mteja alipie sehemu ya huduma anayoipata. Nisipofanya hivyo mashine itasimama na bibi atatembea saa nzima. Lakini kuna uzito unaozidi furushi, na uzito huo kwa asili yake hutafuta aliye dhaifu. Mwagizaji anautua kwa mwenye sheli, mwenye sheli kwa mwenye gari, mwenye gari kwa mwenye duka, mwenye duka kwa mteja. Kila mmoja anautua salama kwa sababu chini yake yupo mwingine. Unafika mwisho kwa mtu ambaye chini yake hakuna mtu. Bibi yule hana wa kumpandishia bei. Anachoweza kupunguza ni chakula chake.

Wazee walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ukiutazama begani kwake unauona mwepesi. Shilingi 170 kwangu ni usufi kweli.

Martin Luther aliwahi kuandika juu ya mambo haya haya. Mwaka 1524 alitoa kitabu kuhusu biashara na riba, na ndani yake akaikataa kauli ya wafanyabiashara wa siku zake waliosema kwamba wana haki ya kuuza kwa bei ya juu kadiri wanavyoweza. Kwake, swali la Mkristo ni bei gani iliyo ya haki, kwa sababu anayeuza anamuuzia jirani yake, na kuuza ni tendo linalomgusa jirani kama matendo mengine yote. Alifikiri jambo jema lingekuwa serikali kuteua watu wenye busara na uaminifu wakadirie gharama za bidhaa na kupanga bei. Nilipofika hapo niliwakumbuka watu wetu wa EWURA. Na pale ambapo hakuna wa kupanga, alisema mtu apime na dhamiri yake, ajilipe kwa jasho lake, na kipimo chake kiwe ujira wa kibarua wa kutwa.

Kipimo hicho kilinichoma kuliko kingine. Kijana anayeendesha mashine yangu, anayemeza vumbi la unga tangu asubuhi, hakuongezewa hata shilingi katika miezi yote hiyo. Nilimwambia avumilie kwa sababu mafuta yamepanda. Nilitumia maneno yale yale kuchukua kutoka pande mbili.

Luther pia ni mchungaji mwenye huruma. Anasema haiwezekani mtu kupima mpaka senti ya mwisho, na ukizidisha kidogo bila kukusudia, usijitese. Liache jambo hilo katika Sala ya Bwana, pale tunapoomba kusamehewa. Ningependa sana kujificha hapo. Lakini mimi nilijua.

Kuna watakaonipinga, na wana hoja. Rafiki yangu mmoja mwenye malori aliniambia, “Wewe unahesabu dizeli tu. Na mikanda? Na vipuri? Na ile miezi ya mvua mashine imesimama? Ukiishusha bei leo, kesho ikipanda watakutukana.” Ni kweli. Biashara si hesabu ya kitu kimoja, na anayebeba hatari anastahili kitu kwa hatari hiyo. Nilichomjibu ni hiki: basi na tuandike mikanda na vipuri, tuhesabu, kisha tuseme bei ni hii kwa sababu hizi. Kosa langu lilianzia kwenye sababu niliyoandika mlangoni. Niliandika mafuta, na nyuma ya neno hilo nikaweka tamaa. Nabii Amosi katika sura ya 8 anawasema watu waliokaa ibadani wakiihesabu sabato iishe upesi ili wakauze nafaka kwa kipimo kidogo na bei kubwa. Siku hizi kipimo tunakiacha kama kilivyo. Tunachezea sababu.

Na sisi wa Kagera hatuna udhuru wa kutolijua jambo hili. Tunaijua butura. Tunajua jinsi mkulima mwenye shida ya ada au ya matibabu anavyouza kahawa yake ikiwa bado maua, kwa bei ya kutupa, na jinsi mnunuzi anavyosema kwamba wamekubaliana. Tumeilaani butura miaka mingi, na tulikuwa sahihi kuilaani. Kumtoza mtu bei isiyo na hesabu kwa sababu hana mashine nyingine ya kwenda ni ndugu yake butura.

Mizani ya taifa

Mtu anaweza kusema nimeligeuza suala la siasa kuwa la toba ya mtu mmoja. Hapana. Serikali nayo hupanga mzigo utue wapi, na kila sera ya nishati, hata ikiandikwa kwa lugha ya kitaalamu kiasi gani, ni jibu la swali lile lile.

Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1979. Vita vya Kagera vilipita hapa kwetu. Majeshi ya Idi Amin yalikuwa yameingia Oktoba 1978, daraja la Kyaka likavunjwa, watu wakakimbia na watoto migongoni. Nchi nzima ilichangia vita ile kwa ng’ombe, magari na vijana. Mwaka ule ule wa 1979 bei ya mafuta duniani ikapanda kwa kishindo baada ya mapinduzi ya Iran. Mwalimu Nyerere akawaomba wananchi wafunge mkanda kwa miezi kumi na minane. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 magari binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana ili kuokoa mafuta. Mkanda ule haukulegezwa baada ya miezi kumi na minane, na yeyote aliyepanga foleni ya sabuni siku zile hatapenda nizisifu. Ila katazo lile la Jumapili lina kitu cha kutufundisha: liliwagusa kwanza wenye magari. Mzigo ulianza kwa walio na mabega.

Linganisheni na mwaka 2011. Wakati ule baadhi ya wafanyabiashara walikuwa wakichanganya mafuta ya taa kwenye dizeli, kwa sababu ushuru wa mafuta ya taa ulikuwa mdogo na tofauti ile ilikuwa faida yao. Injini zikaharibika. Serikali ikaamua kupandisha sana ushuru wa mafuta ya taa, kutoka shilingi 52 kwa lita hadi zaidi ya 400, ili uchakachuaji usiwe na faida. Kwa hesabu ya kihasibu ni dawa iliyofanya kazi. Lakini aliyemeza dawa ile hakuwa mgonjwa. Kibatari cha mwanafunzi kijijini na karabai ya mvuvi wa dagaa hapa ziwani vilitozwa kwa sababu ya wizi uliofanyika kwenye matangi ya wakubwa. Sisemi waliopitisha uamuzi ule walikuwa watu wabaya. Nasema njia iliyo rahisi kwa mwenye mamlaka mara nyingi hupita juu ya mgongo wa asiyekuwepo kwenye kikao. Bwana Yesu, katika Luka 11:46, aliwaonya wataalamu wa sheria waliowatwika watu mizigo mizito nao wenyewe wasiiguse hata kwa kidole kimoja. Ole ile haijafutwa.

Kodi yenyewe si dhambi. Katika kila lita tunalipa kwa ajili ya barabara. Mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa ajili ya barabara zinazosimamiwa na TARURA, na mwaka 2023 zikaongezwa 100 nyingine kwa ajili ya miradi mikubwa ya taifa. Sehemu nyingine ya tozo ya mafuta huenda kwenye umeme wa vijijini. Kwa hiyo bibi wa Muleba, kupitia debe lake la muhogo, amechangia nguzo na lami. Hiyo inaweza kuwa kuchukuliana mizigo kwa maana kamili ya Paulo, kwa sharti moja: nguzo ifike kwake, na barabara ya kwake ipitike masika. Isipofika, basi amebebeshwa mzigo wa mwingine bila kuambiwa.

Hata ruzuku ya 2022 ina pande mbili. Ilikuwa tendo la huruma, na serikali ilisema itajibana matumizi ili kuipata. Lakini ruzuku inayopimwa kwa lita humpa zaidi anayetumia lita nyingi. Mwenye gari kubwa anayejaza lita themanini amepata mara nyingi zaidi ya anayesagisha debe moja kwa wiki. Na hata kile kidogo alichokusudiwa bibi hakikumfika, kwa sababu kilipita mashineni kwangu na hakikutoka. Dodoma ilifanya sehemu yake siku ile. Ruzuku ilikomea mfukoni mwa mshiriki wa meza ya Bwana.

Kilicho mlangoni petu

Sasa kuna bomba. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, na linaingia nchini kwa upande wetu, Missenyi, kisha kupita katika wilaya zetu kuelekea kusini. Wengi wameuliza: mafuta yakishapita chini ya ardhi ya Muleba, dizeli itashuka bei? Jibu la kweli ni kwamba mafuta yale ni ghafi, yanakwenda kuuzwa ng’ambo, na gari la Muleba haliwezi kuyanywa. Dizeli yetu itaendelea kuja kwa malori. Faida ya nchi itakuja kwa njia ya kodi, ada ya kupitisha mafuta, na hisa ya asilimia 15 ambayo Tanzania inayo kupitia TPDC. Kwa hiyo swali la haki si kwa nini hatuchoti njiani. Ni fedha zile zitahesabiwa wapi, na nani atauliza.

Mfano mwingine upo Rusumo. Maporomoko ya mto Kagera yanazalisha megawati 80, na Tanzania, Rwanda na Burundi zinagawana sawa kwa sawa. Mkoa wetu kwa miaka mingi umewasha taa kwa umeme ulionunuliwa Uganda, kwa sababu gridi ya taifa ilikuwa mbali. Jirani alitubeba. Mto ule ule ambao mwaka 1978 ulikuwa mstari wa vita leo unagawanywa kwa mizani. Nikipita Kyaka huwa nawaza kwamba mambo hayo mawili yamefanywa na watu wa aina moja, walioamua tofauti.

Sharika zetu zina wahasibu, wenye mabasi, wenye maduka, madiwani na wakulima, na wote hukaa kwenye mabenchi yale yale. Tunawaombea viongozi kila Jumapili. Ni vema. Tuwaulize pia, kwa heshima na kwa sauti, kila bajeti inapokuja: mzigo huu umepangwa utue kwa nani? Lakini tukiwauliza wao, mabango yetu wenyewe yawe yamekwisha kufutwa na kuandikwa upya.

Langu nimeliandika upya. Mlangoni pa mashine pana ubao wenye mistari mitatu: bei ya lita, mshahara wa kijana na vipuri, bei ya debe. Hubadilishwa Jumatano ya kwanza ya mwezi, kupanda au kushuka. Kijana ameongezewa. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne kwa aliowadhulumu. Mimi sikuwa na majina ya wote, kwa sababu daftari langu liliandika madebe tu. Nilichoweza ni kusaga bure siku moja kila wiki mpaka hesabu ya miezi ile itakapokwisha, na haijaisha.

Kwa bibi yule nilikwenda mwenyewe. Nilikaa kibarazani kwake, nikamwamkia, nikaeleza yote, pamoja na hesabu ya lita na debe. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akimenya ndizi. Kisha akasema, “Mwanangu, mimi nilikuuliza siku ile ile.”

Akaendelea kumenya. Baadaye akaniambia nisiondoke kabla ya kula.